Kumpokea Mgeni wa Kazi Penye Moto wa Roketi

Kusini kabisa ya jimbo la Mississippi, nchini Marekani, mahali ambapo mto Pearl unakaribia kuingia baharini, pana kiwanja kikubwa cha serikali kilichokatwa katikati ya misitu ya misonobari na vinamasi, ambacho kazi yake kubwa tangu kilipoasisiwa imekuwa ni kuzifunga injini za roketi juu ya minara ya chuma na saruji, kuziwasha kwa nguvu zake zote, na kuzichungua zinavyonguruma bila ya kwenda popote, ili kasoro yoyote iliyofichika ijidhihirishe hapa duniani, ambako yatengenezeka, kabla ya kudhihirika angani, ambako haina dawa. Kiwanja hicho leo huitwa Stennis, kwa jina la seneta wa jimbo hilo. Vipande vikuu viwili vya chini vya roketi za Saturn V zilizowapeleka watu mwezini vilijaribiwa hapo kabla ya kusafiri, na baada yake injini za vyombo vya anga vya shatili zikajaribiwa hapo hapo kuanzia mwezi wa Mei 1975 hata Julai 2009. Sisi wa pwani twalikumbuka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, lililorusha chombo kilichoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Lakini kurusha ni kazi ya dakika chache zitazamwazo na ulimwengu mzima, na kujaribu ni kazi ya miaka, na wale waifanyao aghalabu hawatajwi.

Nimekusudia katika makala haya kusema na watu waliokabidhiwa dhamana ya kuwapokea wafanyakazi wapya mahali kama hapo: wasimamizi, mafundi wakongwe, makarani wa ajira, na hata walinzi wa lango. Shauri langu lote lina shina moja. Penye kazi ya namna hii ukarimu ni sehemu ya hadhari yenyewe, kwa sababu mtu ajionaye mgeni hunyamaza, na ukimya wa mtu mmoja aliyeiona valvu ikivuja, akasita kusema kwa kuchelea kuonekana mshamba, waweza kuleta msiba ambao helmeti na mavazi ya kinga hayauzuii. Basi kila nitakalolipendekeza hapa, hata liwe dogo namna gani, lina makusudi ya kumfanya mgeni afungue kinywa mapema.

Kumkaribisha mtu huanza kabla hajafika. Mpelekeeni waraka ulioandikwa kwa ukamilifu, unaomweleza aingie kwa lango lipi, achukue hati zipi, nani atakuwa akimngoja na kwa jina gani, na avae nini. Na pale mnapomwambia avae nguo za pamba asivae za nailoni, mwelezeni na sababu, kwamba nguo za nailoni zikisuguana huzaa cheche za umeme zisizoonekana, na cheche ndogo kama hiyo yatosha kabisa kuiwasha haidrojeni iliyochanganyika na hewa. Mtu apewaye sababu pamoja na amri hutambua tangu mwanzo kwamba amehesabiwa kuwa mwenye akili. Kinyume chake, mtu aliyesimamishwa langoni saa nzima kwa kuwa jina lake halikupelekwa kwa walinzi amekwisha fundishwa somo lake la kwanza, nalo ni kwamba mahali hapa mambo madogo hayaangaliwi. Na kila utakachomwambia baadaye mintarafu ya usahihi wa vipimo na utaratibu wa kazi kitapambana na somo hilo alilolipata akiwa amesimama juani.

Akiisha kuingia, msimpeleke moja kwa moja kwenye minara, ijapokuwa ndiyo yaitamaniyo macho yake. Mpelekeni kwanza akaione ardhi. Serikali ilipotangaza tarehe 25 Oktoba 1961 kwamba itajenga kiwanja hicho katika wilaya ya Hancock, palikuwa na vijiji vitano katika eneo lile, Gainesville, Logtown, Santa Rosa, Napoleon na Westonia, na familia zipatazo 660 ziliambiwa zihame, nyingine zikiacha mashamba na makanisa ya babu zao. Eneo la kiwanja chenyewe ni ekari kama 13,800, nalo limezungukwa na ukanda wa ekari zipatazo 125,000 ambamo hapana ruhusa ya mtu kuweka maskani, kwa sababu ngurumo ya injini hizo hutikisa nyumba na kuvunja vioo. Makaburi ya zamani bado yamo humo ndani. Naona ni haki, na tena ni faida, mgeni ayajue hayo siku ya kwanza, maana mtu anayeelewa kwamba ukimya unaouzunguka mnara wake ulinunuliwa kwa maskani ya watu wengine hawezi kuichukulia kazi yake kwa wepesi. Na atakapokutana na wazee wa wilaya hiyo dukani au kanisani, atajua namna ya kuwasalimu.

Sasa nije kwenye hatari zenyewe, ambazo ndizo zinazotaka maneno mengi. Desturi iliyoenea ni kuwakusanya wageni katika chumba kimoja, kuwaonyesha picha ukutani tangu asubuhi hata jioni, kisha kuwapa karatasi watie sahihi kwamba wamefahamu. Karatasi hiyo humlinda mwajiri, haimlindi mgeni. Nashauri kila hatari ifundishwe kwa siku yake, mahali pake ilipo, na mtu ambaye huishi nayo, wala siku moja isibebeshwe mbili.

Mathalani haidrojeni. Ili itoshe katika matangi hugeuzwa kuwa kimiminika, na hapo baridi yake hufikia digrii 253 chini ya sifuri, kiasi cha kwamba hewa ya kawaida ikigusa bomba lisilofunikwa huganda juu yake. Ikivuja hujichanganya na hewa upesi, na mchanganyiko huo huweza kuwaka tangu haidrojeni ikiwa sehemu 4 katika 100 mpaka ikiwa sehemu 75. Nayo ikishika moto mchana wa jua, ndimi zake karibu hazionekani, hazitoi moshi wala hazitoi ule mwanga wa manjano tuliouzoea, na kwa kuwa joto lake halisambai kama la moto wa kuni, mtu aweza kutembea mpaka akaingia ndani yake. Kwa ajili hiyo mafundi wa zamani walikuwa wakipita penye mabomba wakitanguliza ufagio mbele yao, na nyasi za ufagio zikiwaka ghafula ndipo walipojua kwamba moto uko hapo. Siku hizi zipo kamera na ala za kuutambua moto huo, na hapana afanyaye kazi kwa kutegemea ufagio. Walakini ningemwomba kila mkufunzi amtie mgeni wake ufagio mkononi, atembee naye polepole kandokando ya mabomba yasiyo na kitu, mgeni akiunyosha mkono mbele, hatua kwa hatua, na mkufunzi akimsimulia kwa nini wenzake walifanya hivyo. Picha ya ukutani husahaulika baada ya chakula cha mchana. Mkono ulioshika ufagio hausahau, na mtu huyo hatasema tena moyoni mwake kwamba asichokiona hakipo.

Oksijeni ya kimiminika, yenye baridi ya digrii 183 chini ya sifuri, yataka somo la namna nyingine, kwa kuwa yenyewe haiwaki bali huvifanya vitu vingine viwake kwa ghadhabu. Tone la mafuta lililobaki ndani ya bomba, uzi wa kitambaa, mafuta ya kupaka mikononi aliyojipaka mtu asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, vyote hivyo vyaweza kuwa kuni. Hata lami ya barabara iliyomwagikiwa na oksijeni hiyo yaweza kulipuka kwa kukanyagwa tu, na nguo za mtu aliyesimama penye mvuke wake huinywa na kubaki hatari muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Hapa mgeni afundishwe usafi, tena afundishwe na mafundi wenyewe wanaosafisha mabomba, ambao katika viwanja vingi huhesabiwa kuwa daraja la chini na hawaalikwi kusema mbele ya wageni. Wakaribisheni waseme. Mhandisi kijana aliyetoka chuo kikuu akikaa siku moja na fundi wa usafi, akamwona anavyoikagua valvu moja chini ya taa maalumu akitafuta alama ya mafuta, atakuwa amejifunza kazi, na pamoja na kazi amejifunza kumheshimu mtu ambaye maisha yake yatakuwa mikononi mwake.

Naitrojeni ndiyo niiogopayo kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu haiwaki, haina harufu, haina rangi, na robo tatu na zaidi ya hewa tuivutayo ni hiyo hiyo. Hutumika kusafishia matangi na kufukuza hewa nyingine mahali pasipotakiwa moto. Lakini chumba kilichojaa naitrojeni tupu humwangusha mtu kwa pumzi chache, bila ya kumpa dalili ya kukabwa, kwa maana mwili hulalamika kwa wingi wa hewa chafu wala haulalamiki kwa upungufu wa oksijeni. Mwezi wa Machi 1981, katika kituo cha Kennedy huko Florida, wakati chombo cha shatili kiitwacho Columbia kilipokuwa kikitayarishwa kwa safari yake ya kwanza, mafundi waliingia katika sehemu ya nyuma ya chombo hicho wakidhani kwamba imekwisha tiwa hewa ya kawaida, ilhali naitrojeni ilikuwa bado imo. Wakaanguka, na baadhi yao wakafa. Kwao haikuwa shida ya ujuzi. Utaratibu wa kazi ulikuwa umebadilishwa na habari ya mabadiliko haikuwafikia. Msimulieni mgeni kisa hiki taratibu, bila ya kukipamba, kisha mwambieni na jambo ambalo moyo wa binadamu hulikataa: kwamba akimwona mwenzake ameanguka ndani ya chumba cha namna hiyo asikimbilie kuingia, bali apige king'ora na kungoja wenye vifaa vya kupumulia, kwa kuwa hewa iliyomwangusha wa kwanza itamwangusha na wa pili. Mpeni nafasi ya kuuliza juu ya hilo, hata kubisha, maana ni neno gumu, na afadhali abishe akiwa kitini kuliko kubishana na nafsi yake mlangoni.

Kutoka hapo twaingia katika suala la maneno. Siku ya jaribio, chumba cha kuongozea mitambo hutawaliwa na sauti chache, na kila amri hurudiwa na aliyeipokea kabla ya kutekelezwa, kama baharia airudiavyo amri ya nahodha wakati wa kugeuza tanga. Mgeni huona haya kurudia maneno kwa sauti mbele ya wakubwa, na wakubwa wengine humwona mwenye kurudia kuwa mzito wa kufahamu. Kwa hiyo dawa ni wakubwa wenyewe waanze kufanya hivyo mbele yake, hata katika mambo ya kawaida. Fauka ya hayo, kila kiwanja kina vifupisho vyake vya maneno, ambavyo wenyeji huvitamka mfululizo mpaka mgeni akajiona yumo katika nchi asiyoijua lugha yake, akaanza kutikisa kichwa kwa jambo asilolielewa. Mtu anayetikisa kichwa hivyo ni hatari kuliko bomba linalovuja. Mpeni daftari lenye vifupisho vyote na maana zake, na mkubwa wa kazi atamke waziwazi siku ya kwanza kwamba anayeuliza mara tatu amefanya kazi yake mara tatu.

Wala msivumilie ule mchezo wa kumtuma mgeni akalete chombo kisichokuwapo, ili ghala zima limcheke. Najua ni desturi ya karakana nyingi duniani, na wenye kuifanya hudai kwamba inamzoeza mgeni na wenzake. Inamzoeza kuogopa kuuliza. Leo ametumwa kwa mzaha akachekwa. Kesho akiambiwa afungue valvu ambayo haijui, ataona ni heri aifungue kwa kubahatisha kuliko kuchekwa mara ya pili. Msimamizi aliyeuona mchezo huo akatabasamu akapita amekuwa mshiriki wake, nami siwezi kumpa udhuru.

La juu kuliko yote, mgeni apewe tangu siku yake ya kwanza haki ya kusema "simamisha", na aonyeshwe kwa mfano wa kweli kwamba haki hiyo si ya mdomoni tu. Mfano mzuri upo Stennis penyewe. Tarehe 16 Januari 2021 ziliwashwa kwa pamoja, juu ya mnara uitwao B-2, injini nne za RS-25 zilizofungwa katika kipande kikuu cha SLS, roketi mpya ya safari za mwezini, kwa matarajio kwamba zingewaka dakika kama nane, kadiri inavyohitajiwa katika safari yenyewe. Zilizimika zenyewe baada ya sekunde 67, kwa kuwa vipimo katika mfumo mmoja wa kuelekezea injini vilivuka mpaka uliowekwa, na mpaka huo ulikuwa umewekwa kwa makusudi kuwa mwembamba ili kipande hicho, ambacho ndicho kilichokusudiwa kuruka, kisidhurike. Magazeti mengine yaliandika kana kwamba kazi imeharibika. Wahandisi walikaa na vipimo vyao, wakajiridhisha kwamba chombo ni kizima. Wakati wa kujitayarisha tena wakaikuta valvu moja ya oksijeni haifanyi kazi sawasawa, wakaahirisha, wakaitengeneza. Na tarehe 18 Machi mwaka huo huo injini zikawaka sekunde 499 na zaidi bila ya hitilafu. Kipande hicho kiliruka mwezi wa Novemba 2022 katika safari ya kwanza ya Artemis, mpango wa Marekani wa kurudi mwezini. Mwekeni mgeni mbele ya michoro ya majaribio hayo mawili na mwulizeni ni lipi kati yake lililofaulu, mkimwacha ajibu kwa muda wake.

Mintarafu ya mlezi, yaani fundi atakayepewa mgeni amshike mkono, makosa yanayofanywa mara nyingi ni kumchagua yule aliye hodari kuliko wote. Hodari wa kupita kiasi aghalabu amekwisha sahau ugumu ulipo. Mikono yake hufanya kazi upesi kuliko ulimi wake uwezavyo kueleza. Tafuteni mtu wa wastani mwenye subira, asiyeona taabu kusema "hilo silijui, twende tukaulize", na mpunguzieni kazi zake nyingine, kwani kumlea mgeni ni kazi kamili.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sijui mahali ambapo neno hilo lina ukweli kuliko hapa. Mtu aliyepita mbele ya ngazi mbovu kila siku kwa miaka kumi haioni tena. Aliyefika jana huiona. Basi katika majuma ya mwanzo mwambieni mgeni aandike kila jambo linalomshangaza: alama iliyofifia, maelezo ya kazi yanayopingana na yale watu wanayoyafanya, mlango uliosemwa kuwa hufungwa na kumbe huachwa wazi. Jicho hilo halidumu, baada ya miezi michache naye atakuwa mwenyeji. Na akiisha kuleta orodha yake, mjibuni kwa maandishi, jambo moja baada ya jingine, hata lile ambalo mmeamua kutolibadili. Orodha isiyojibiwa huwa ya mwisho.

Jaribio lake la kwanza alitazame bila ya kupewa kazi. Mwachieni macho na masikio yake, pamoja na vizibo vya masikio. Ataliona wingu jeupe likipanda juu ya miti, nalo kwa injini za haidrojeni na oksijeni ni mvuke wa maji mtupu, na huenda akanyeshewa na mvua yake. Atayaona maji, zaidi ya galoni 300,000 kwa dakika katika mnara wa B-2, yakimiminwa kuupoza mfereji wa moto usiyeyuke. Ataisikia ngurumo kifuani kabla hajaisikia masikioni. Mwalikeni mezani baada ya hapo, mle naye, mumwache aseme aliyoyaona. Na ikiwa yawezekana, mkewe au mumewe na wazee wake waalikwe kutazama jaribio mojawapo kutoka mahali pa salama, kwa sababu ndio watakaomngoja usiku ambapo kazi imechelewa na simu hazipokelewi. Kimbunga cha Katrina kilipopiga pwani ile tarehe 29 Agosti 2005, wafanyakazi wengi walijihifadhi na jamaa zao ndani ya kiwanja hicho, na kikosi kidogo kikabaki kuilinda mitambo, ilhali wengi wao walikuwa wakipoteza nyumba. Watu hawafanyi hivyo kwa mwajiri aliyewapokea kwa fomu na funguo za kabati.

Kwenu wakuu, nina ombi moja. Fedha zikipungua au ratiba ikibana, siku za kuwapokea wageni huwa za kwanza kukatwa, kwa kuwa hazionekani kuzalisha kitu, na mgeni husukumwa mnarani akiwa na nusu ya maarifa na robo ya uthubutu. Msizikate. Ahirisheni jaribio ikibidi, injini itangoja. Mpeni mgeni siku zake zote, na mlezi wake msimwondoe kabla ya mwezi wa tatu kwisha.